Siku moja maishani mwangu: kocha wa mazoezi ya nguvu kwa watu wazima wenye ulemavu wa akili

Saa 11:30 alfajiri. Niko Mbagala Rangi Tatu nasubiri daladala ya kwenda Temeke. Begani nina mashine ya kupimia presha, betri za akiba na mipira ya kuvuta.

Saa 2 asubuhi. Wanaanza kuingia ukumbini. Mkubwa wao ana miaka 52. Namwamkia shikamoo, naye anaitika "Marahaba!" kwa sauti inayofika barabarani. Mtaani kwao hata watoto wadogo humwita kwa jina tu, kama rika lao. Mtu mzima akichukuliwa kama mtoto, hakuna anayemwazia presha wala kisukari. Anaachwa akae, analetewa chakula, anabebewa kila kitu, na moyo wake hakuna anayeuangalia mpaka augue.

Saa 2:30. Kupima presha. Hapa siharakishi. Kitambaa kikianza kukaza mkono, asiyekizoea anaogopa na namba zinaruka. Kwa hiyo wananipima mimi kwanza: mmoja ananifunga, mwingine anabonyeza kitufe, wote wanakitazama kikijaa na kulegea. Kisha zamu yao. Kukaa dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo, bila kuongea. Mwenye mkono mnene namfunga kitambaa kikubwa, kwa sababu kidogo hutoa namba ya juu isiyo ya kweli. Dada mmoja leo ana 152 kwa 96. Tumempumzisha, tumerudia: 148 kwa 94. Atafanya mazoezi mepesi, kisha zahanati.

Saa 3:30. Mazoezi yenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawataka watu wazima wenye ulemavu wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi, sawa kabisa na watu wengine. Sisi siku za nguvu ni Jumatatu na Alhamisi.

Tunaanza kwa kukaa na kuinuka bila kushika kiti. Sisemi sana. Naonyesha, nanyamaza, nasubiri. Elekezo moja linaeleweka; matatu kwa mpigo yanawavuruga. Baadaye tunabeba madumu ya maji. Kaka aliyekuwa akiinua dumu la lita 5 kwa mikono miwili, leo amebeba mawili, moja kila mkono, akavuka ukumbi na kurudi. Wakiinua wanahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Anayehesabu hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi ukiwa umeinua kitu kizito kunapandisha presha ghafla.

Wenye hali ya Down (Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayoambatana na ulemavu wa akili) nawaangalia zaidi. Karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, hivyo hakuna anayeanza kabla daktari hajampima moyo. Baadhi yao mifupa ya juu ya shingo huwa haijashikana vizuri, kwa hiyo hapa hakuna kupinduka kichwachini. Tena mapigo ya moyo wao hayapandi sana kama ya wengine, kwa hiyo namba za mapigo zinazobandikwa kwenye kuta za gym haziwafai. Natumia maongezi: akiweza kuongea ila hawezi kuimba, kasi inatosha.

Saa 5. Ndizi, maji, na video za wanyanyua vyuma wa Special Olympics, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu wa akili, huko Berlin mwaka 2023. Wanazirudia mpaka simu inaisha chaji.

Saa 6 mchana. Zahanati, pamoja na yule dada na mama yake. Mhudumu anamtazama mama: "Anajisikiaje?" Naomba aulizwe mwenyewe. Dada anafikiri kidogo, anashika utosi. "Kichwa kinaniuma asubuhi." Mama anageuka kumtazama; ndiyo kwanza anasikia. Nina hasira na jambo hili, na sitaacha kulisema. Tumepangiwa Jumatano kupima tena, na nimeomba dawa yake ya kifafa iangaliwe, maana baadhi ya dawa hizo huongeza uzito.

Saa 9 alasiri. Nyumbani kwa kijana wa miaka 34.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani."

Mama anampenda sana kijana wake, na chapati zinaonyesha. Tunaongea kuhusu soda, na kuhusu chumvi: isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari kwenye vyakula vya dukani. Halafu namwomba kitu kigumu zaidi. Mdogo wa kijana ndiye anayechota maji. Nataka kijana mwenyewe abebe ndoo, nusu kwanza, afue nguo zake, atwange kisamvu. "Akianguka je?" Nimetoka na kijana hadi bombani, nikatembea pembeni yake bila kugusa ndoo. Maji kidogo yamemwagika. Amefika nayo.

Saa 1 usiku. Najaza daftari: presha, uzito, nani aliinua nini. Kitambaa kikubwa kimeanza kuvuja upepo. Lazima nipate kingine kabla ya Alhamisi, na Jumatano nimemwahidi dada kwamba nitakuwapo zahanati.