Saa Kumi za Kimya

Nilipompigia mama kumwambia nimepata kazi ya kondakta, aliuliza kama nitakuwa naning'inia mlangoni. Kwa mtu wa Voi kondakta ni wa matatu. Nikamweleza kwamba huku Marekani kondakta wa treni ya mizigo ndiye gadi, ila hana behewa lake mwishoni. Anakaa mbele kwenye kichwa pamoja na dereva, na kule mkiani wamefunga kisanduku chenye taa nyekundu inayowaka na kuzimika. Baba, gadi mstaafu, alikuwa akisikiliza pembeni. Aliguna tu.

Tulivuta makaa ya mawe kutoka Wyoming kupitia magharibi mwa Nebraska, mabehewa kama 130, watu wawili. Saa za kazi zilikuwa na sheria tangu 1907, enzi hizo saa 16, baadaye zikapunguzwa hadi 12. Zikitimia 12 unasimama hapo hapo, hata kama taa za mji unaziona. Hiyo haikutusumbua. Kilichotumaliza ni mapumziko. Enzi hizo ukifanya saa 12 kamili, ulipumzika saa kumi. Zikipungua hata kwa dakika moja, saa nane. Basi ungeshangaa ni mara ngapi tuliruhusiwa kwenda nyumbani tukiwa tumefanya saa 11 na dakika 59.

Na ndani ya zile nane ofisi iliweza kukupigia. Toa safari ya kufika nyumbani, toa kuoga na kula, toa simu inayokuja saa moja na nusu kabla ya kuripoti. Kinachobaki ndicho usingizi. Juni moja nilizinduka safarini nikamwona dereva amefumba macho. Kwenye kichwa kuna kengele inayolia dereva asipogusa chochote kwa muda, na asipoizima treni hufunga breki yenyewe. Ililia, mkono wake ukanyanyuka, ukabonyeza kitufe, ukarudi pajani. Macho hayakufunguka. Nilimwita kwa sauti, naye akanijibu kama mtu aliyekuwa macho muda wote. Hatukulizungumza tena, maana na mimi nilikuwa nimetoka usingizini.

Septemba 2008, huko Chatsworth, California, treni ya abiria iligongana uso kwa uso na ya mizigo, wakafa watu 25. Dereva wa ile ya abiria alikuwa akiandika ujumbe kwenye simu. Haikuwa ajali ya usingizi, lakini ndiyo iliyouamsha mswada uliokuwa umelala bungeni, na mwezi uliofuata Rais Bush akautia saini. Humo mlikuwa na jambo letu: mapumziko yawe saa kumi, na ndani ya saa hizo ofisi isikupigie kabisa. Ilianza kutumika tarehe 16 Julai 2009.

Ninayoikumbuka ni safari ya wiki ile ya kwanza. Tuliripoti saa saba mchana. Usiku tukawekwa kwenye njia ya kupishana kungoja treni mbili, na saa saba usiku muda wetu ukaisha. Nilikuwa nimeshateremka kufunga breki za mkono, behewa baada ya behewa, kokoto zikilia chini ya buti. Tukakaa kungoja gari la kutuchukua. Muda huo si kazi wala si mapumziko, uko hewani. Dereva wangu, mtu mzima mwenye mikopo miwili ya nyumba, alikuwa akipiga hesabu kwenye kiganja. Sheria hiyo hiyo ilisema ukianza kazi siku sita mfululizo lazima ukae nyumbani saa 48, naye alilipwa kwa safari. "Wananilaza ili watoto wangu wasile," alisema. Sikumjibu. Mimi nilikuwa natamani zile 48 kama mtoto anavyotamani Idi.

Tuliruhusiwa saa kumi na dakika 40 alfajiri. Sasa ule muda wa hewani uliozidi unaongezwa kwenye mapumziko, kwa hiyo kumi zangu zikawa 13 na dakika 40. Hadi saa kumi na mbili na dakika 20 jioni hakuna aliyeruhusiwa kunipigia.

Saa sita mchana niliruka kitandani moyo ukinidunda. Simu haikuwa imelia. Nikaikagua chaji, nikaikagua mtandao. Mke wangu akasimama mlangoni. "Baba Neema, lala. Hawapigi." Neema alikuwa sebuleni akicheza kwa kunong'ona, alizaliwa katika nyumba ambayo mchana watu hunong'ona.

Usingizi ulikataa, nikampigia baba. Kwao ilikuwa saa tatu usiku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo huendi kazini?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Huna zamu?"

Nikamweleza. Baada ya saa fulani wanaweza kuniita, labda jioni, labda alfajiri, inategemea treni. Baba alikuwa na kolboi wake, aliyekuja kwa baiskeli kugonga dirisha la kota usiku kumwita kazini, lakini orodha ya zamu aliisoma tangu jana yake ubaoni stesheni.

"Sasa utalala saa ngapi," akauliza, "kama hujui utaamka saa ngapi?"

Sheria haikugusa hapo. Jioni tulikula ugali pamoja wote watatu, jambo la nadra. Saa kumi na mbili na dakika 20 ikapita, simu kimya. Saa mbili nikajilaza, nikawa nasikiliza friji. Saa tatu. Saa nne. Usingizi ulianza kuja kama saa tano, mzito, mtamu.

Saa tano na nusu simu ikalia. Kuripoti saa saba usiku. Nikatafuta soksi gizani.