Waskoti wa Mji Mkongwe na Wasalvador wa Bondeni

Tangazo lilisema kwamba chumba kipo hatua chache kutoka mji mkongwe wa Alexandria, jimbo la Virginia, na picha zake zilionyesha dirisha linalotazama barabara ya matofali yenye taa za kizamani. Nililipa dola 118 kwa usiku, yaani zaidi ya shilingi 15,000 za Kenya, na juu yake nikatozwa ada ya usafi ya dola 60 ambayo hadi leo sijui ilisafisha nini. Nilipotoka kituo cha treni nilipanda basi la mji, ambalo halikunitoza hata senti moja kwa kuwa mabasi ya DASH yaliacha kutoza nauli mwezi Septemba 2021, na hilo ndilo jambo pekee kuhusu bei nililolifurahia katika safari nzima. Basi likaniacha kama kilomita 5 kutoka huo mji mkongwe, katika bonde lenye majengo ya ghorofa mbili tatu ya matofali mekundu, maduka ya kutuma fedha, vinyozi, dobi za mashine za sarafu na mabango yaliyoandikwa Kihispania kitupu.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ardhi. Dirisha lilikuwapo, ila lilitazama magurudumu ya gari la jirani. Hayo ningeyavumilia, kwa sababu msafiri asiye na fedha nyingi hujifunza mapema kuvumilia madirisha, lakini kipasha joto kilikuwa kimekufa na nje baridi ilikuwa nyuzi 4 chini ya sifuri. Nilimpigia simu mwenye nyumba, naye kwa adabu isiyo na dosari akaniarifu kwamba fundi angefika Jumatatu, kwamba fedha hazirudishwi, na kwamba kabatini mna blanketi. Ilikuwa Alhamisi jioni. Blanketi lilikuwamo kweli, jembamba, lenye harufu ya mbwa. Binamu yangu anayeishi Maryland, ambaye ndiye aliyenishawishi nije kuona gwaride la Waskoti, alinicheka kwenye simu kwa muda mrefu kabla ya kuniambia, "Kaka, toka nje utafute penye moto, usilale hapo ukagande."

Penye moto palikuwa upande wa pili wa barabara ya Mount Vernon, katika mkahawa wa meza sita ambao madirisha yake yalikuwa yamefunikwa na mvuke. Mama wa makamo alisimama mbele ya bamba la chuma lenye moto chini yake. Alikuwa akichota donge la unga wa mahindi, akilibonyeza katikati kwa kidole gumba, akitia maharage yaliyopondwa na jibini, akilifunga, kisha akilipigapiga kutoka kiganja hadi kiganja mpaka likawa bapa, bila kuyatazama mapishi hata mara moja kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye televisheni. Chakula hicho huitwa pupusa. Huletwa na kabichi ya siki na rojo la nyanya, na huliwa kwa mikono, jambo lililonifanya mtu wa pwani nijione niko kwetu. Moja iliuzwa dola tatu na nusu. Nilikula nne, nikalalamikia bei moyoni, nikaagiza ya tano.

Binti yake, ambaye mchana ni muuguzi na jioni humsaidia mamake kuhesabu mauzo, alizungumza Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Aliposikia habari ya chumba aliingia stoo akatoka na kipasha joto kidogo cha umeme, akaniambia nikirudishe nitakapoondoka. Hakutaka amana. Nilimuuliza kwa nini ananiamini, akajibu kwamba mwenye nyumba huyo wanamfahamu, na kwamba sikuwa mgeni wa kwanza kuvuka barabara ile nikitetemeka.

Basi nikawa mteja wa pale kila jioni, na kidogo kidogo nikaelezwa nilikuwa nimetua wapi. Ramani huliita bonde hilo Arlandria, lakini wakazi huliita Chirilagua, jina la mji wa mkoa wa San Miguel, mashariki mwa El Salvador, ambako wengi wao walitoka. Kijito cha Four Mile Run kilikuwa kikifurika na kuyaharibu majengo, kodi ikashuka, na hivyo nyumba zikapatikana kwa watu waliokuwa wakiikimbia vita ya mwaka 1980 hadi 1992, iliyoua zaidi ya watu 75,000. Mwaka 1986 wenye majengo walitaka kuwatoa wapangaji kwa wingi ili wayakarabati na kupandisha kodi. Wapangaji wakajipanga, wakaenda mahakamani, na katika miaka ya 1990 sehemu ya majengo hayo ikawa mali ya ushirika wa wakazi wenyewe. Mama yule anaishi katika nyumba ya ushirika. Mkahawa, hata hivyo, ni wa kupanga, na kodi yake imekuwa ikimkosesha usingizi tangu Novemba 2018, Amazon ilipotangaza kwamba itajenga makao yake makuu ya pili karibu na hapo.

Habari iliyonishangaza zaidi ilikuwa ya nyumbani mwao wenyewe. Mama aliingia Marekani mwaka 1989 kupitia Guatemala na Meksiko. Katika miaka hiyo maombi ya hifadhi ya Wasalvador yaliyokubaliwa hayakufika hata matatu kati ya mia, kwa kuwa Washington ilikuwa ikiifadhili serikali ya El Salvador na isingeweza kukiri kwa urahisi kwamba serikali hiyo hiyo inawakimbiza raia wake. Makanisa yaliishtaki serikali ya Marekani, mapatano yakafikiwa mwaka 1991, sheria ikatungwa mwaka 1997, naye hatimaye akapata ukaazi wa kudumu na baadaye uraia. Mdogo wake wa kiume alikuja mwaka 2000. Yeye alipewa kinga ya muda ya kutofukuzwa nchini, iliyotangazwa mwaka 2001 baada ya matetemeko mawili ya ardhi, na tangu hapo maisha yake yamehesabiwa kwa vipindi vya miezi 18 hivi, kila kipindi kikiwa na fomu, ada na hofu yake. Januari 2018 serikali ilitangaza kwamba itaifuta kinga hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa ya watu karibu 200,000, na ni kesi mahakamani zilizozuia. Ni fundi wa kujenga kuta. Amejenga nyumba nyingi Virginia na hana hata moja. Dada ana mkahawa, mpwa ni muuguzi, yeye ana toroli la vifaa: tumbo moja, barabara moja, bidii ileile, isipokuwa mmoja aliwahi mlango ungali wazi na mwingine akaukuta umerudishiwa.

Ijumaa ilipita bila jambo la kusimuliwa. Jumamosi nilikwenda kwenye gwaride, ambalo hufanyika kila Jumamosi ya kwanza ya Desemba, na hapo ndipo hatimaye nilipouona mji mkongwe niliokuwa nimeulipia. Kahawa ndogo iliuzwa dola sita. Wanaume wenye matumbo ya heshima walipita wamevaa sketi za miraba, wakipuliza zumari za kiriba, kila ukoo na rangi zake na bendera yake, na nyuma yao mbwa wengi wadogo weusi waliovishwa miraba ileile. Nilisimama karibu na mzee mmoja mwanasheria mstaafu wa serikali, mwenye kisu kidogo kwenye soksi, ambaye alinisimulia ukoo wake tangu kabla ya vita ya uhuru wa Marekani. Alikuwa mkarimu, na alikuwa na haki ya kujivunia mahali pale: mji ule ulianzishwa mwaka 1749, na miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo wafanyabiashara wa Kiskoti wa tumbaku, kama vile William Ramsay na John Carlyle, ambaye jumba lake la mawe la mwaka 1753 bado limesimama. Hakutaja, nami nikamkumbusha, kwamba tumbaku hiyo ililimwa na Waafrika waliotumikishwa, na kwamba katika mtaa wa Duke wa mji huohuo palikuwa na mojawapo ya maduka makubwa kabisa ya kuuza watumwa nchini. Alinyamaza kidogo, kisha akakubali kwa kichwa.

Ndipo akanipa hoja ambayo, kwa maelezo yake, huzungumzwa sana: kwamba Waskoti walikuja maskini, wakafanya kazi, wakasoma, na leo kipato chao kiko juu ya wastani wa taifa, ilhali Wasalvador, waliokuwapo kwa miaka 40 sasa, bado wanafagia ofisi. Kwa takwimu tupu hajakosea. Katika Wasalvador wa miaka 25 na zaidi, mwenye shahada ni kama mmoja kati ya kumi, na katika watu wanaojitaja kuwa na asili ya Kiskoti ni zaidi ya theluthi. Lakini kadiri nilivyolifikiria jambo hilo nikirudi bondeni, ndivyo nilivyoona kwamba vinavyolinganishwa si vya aina moja.

Kwanza ni yule anayehesabiwa. Wamarekani zaidi ya milioni 5 huandika kwamba wana asili ya Kiskoti, na huandika kwa hiari yao, kwa sababu bibi alisema au kwa sababu sketi iliwapendeza. Katika milima ya Appalachia, kule West Virginia na mashariki mwa Kentucky, wamo wajukuu wengi wa Waskoti waliopitia Ireland ya kaskazini, wengine wakiwa maskini kiasi kwamba mwaka 1965 iliundwa tume ya serikali kwa ajili ya maendeleo ya eneo hilo. Wengi wao wakiulizwa asili huandika "Mmarekani" tu. Hivyo wale ambao mambo hayakuwanyookea hujiondoa wenyewe kwenye hesabu ya Waskoti, na wastani wa waliobaki unapanda. Msalvador aliyeingia juzi hana pa kujificha. Mzee mwenyewe alinidokezea kwamba ana binamu huko milimani walioachwa bila kazi baada ya machimbo ya makaa kufungwa. Nilimuuliza kama huja kwenye gwaride. Alisema hawajawahi.

Pili ni mlango. Kabla ya mwaka 1707, Mskoti alizuiwa na sheria kufanya biashara na makoloni ya Waingereza, na aliyeifanya aliifanya kwa magendo. Muungano wa Uskoti na Uingereza wa mwaka huo ulimgeuza mtu yuleyule, mwenye meli ileile, kuwa mfanyabiashara halali, na haukupita muda mrefu mji wa Glasgow, huko Uskoti, ukatajirika kwa tumbaku ya Virginia. Sheria ya uraia ya mwaka 1790 ilimpa uraia mzungu huru yeyote aliyekaa miaka miwili. Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma mzaliwa wa Uskoti, ambaye jina lake hutajwa kila hoja hii inapoanza, alifika mwaka 1848 akiwa mtoto wa mfumaji aliyefilisika, akaanza kazi kiwandani kwa dola 1 na senti 20 kwa wiki, na hakuna mtu bandarini aliyemdai viza. Ukimlinganisha Carnegie, mlinganishe na yule fundi wa kuta alipokuwa na umri wake, kisha umpe fundi makaratasi ya Carnegie. Mimi nadhani tofauti ingekuwa ndogo kuliko anavyodhani mzee wangu wa gwaride.

Sisemi kwamba makaratasi ndiyo yote. Vita viliwanyima wengi shule, na fedha wanazopeleka kwao, ambazo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya pato la El Salvador, ni fedha zisizonunua nyumba Virginia. Wala mji haujakaa umekunja mikono: mapato ya gwaride lilelile la sketi huenda kwa taasisi ya Campagna Center, ambayo hutunza watoto wadogo na kufundisha wahamiaji Kiingereza. Binti wa mkahawani aliniambia kwamba mamake alijifunzia humo. Mzee hakuwa na habari.

Jioni yangu ya mwisho, nikirudisha kipasha joto, nilimkuta fundi anakula. Alitaka kujua kama kwetu Kenya kuna wahamiaji. Nilimweleza habari za Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa na kujukuu bila kitambulisho cha nchi yoyote. Kwetu tunawasifu kwa kuchonga mpingo, na hatukujiuliza sana kwa nini mchongaji hodari vile hana shamba wala akaunti ya benki, na kwa nini hata laini ya simu ameisajili kwa jina la jirani. Tulisema tu kwamba hawapendi maendeleo. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza wapewe vitambulisho, na leo wanatajwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mmoja wa majirani zetu alipopata chake, alikwenda siku ileile kusajili simu kwa jina lake.

Fundi aliuliza Kwale na Nairobi ni umbali gani. Nikamwambia ni kama kilomita 500. Akafikiri, akasema kwamba kutoka pale mezani hadi Bunge la Marekani hazizidi 10 hivi, na kwamba wao wameshaandamana hadi huko mara nyingi tu. Kisha akaomba bili yake, kwa sababu gari la kazini humpitia saa kumi na moja alfajiri.