Bei ya mafuta ghafi na bomba la Chongoleani

Kila bei ya mafuta ghafi inapoporomoka katika soko la dunia, hapa Tanzania huzuka swali iwapo bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, bado lina faida. Swali lenyewe ni la haki, ila huulizwa kana kwamba sisi na Waganda tuna maslahi mamoja katika bei hiyo, jambo ambalo silikubali.

Uganda inauza mafuta. Iligundua hazina yake karibu na Ziwa Albert mwaka 2006, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatangazwa Februari 2022. Katika kipindi hicho bei ya pipa ilipanda hadi dola 147 mwezi Julai 2008, ikashuka chini ya dola 30 Januari 2016, na Aprili 2020 mikataba ya kununua mafuta ya Marekani kwa ajili ya mwezi uliofuata ikauzwa chini ya sifuri. Kwa mwenendo huo, makadirio ya bei ya miaka kumi ijayo nayapokea kwa tahadhari kubwa. Ninachokiona ni kwamba mafuta yapo mengi: Marekani inazalisha zaidi ya mapipa milioni 13 kwa siku, na mwaka 2025 nchi za OPEC+, yaani muungano wa wauzaji mafuta wa OPEC na washirika wao, zilianza kurudisha sokoni mapipa zilizokuwa zimeyazuia. Bei ikipaa, naamini itapandishwa na vita au kufungwa kwa njia za bahari kuliko uhaba wa mafuta ardhini.

Tanzania, kwa upande wake, inasafirisha. Kilomita 1,147 kati ya 1,443 za bomba zimo katika ardhi yetu, shirika letu la mafuta, TPDC, lina asilimia 15 ya hisa, na ada iliyotajwa ya dola 12.77 kwa pipa hutozwa kwa kila pipa linalopita, liuzwe ghali au rahisi. Wakati huohuo petroli na dizeli tunaagiza kutoka nje, na bei ikipanda huko, tunaiona katika bei kikomo zinazotangazwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwetu, basi, heri bei ya chini na bomba lililojaa. Kwa Mganda, pipa la dola 60 likitolewa ada hiyo hubaki dola 47 hivi, kabla ya gharama za kulichimba kuondolewa.

Kwa hiyo wingi wa uzalishaji ndio unaonishughulisha zaidi. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yakipoa huganda kama samli, na lazima yasafirishwe yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 50. Gharama ya kulipasha moto bomba lenye urefu huo haipungui kwa kiasi kilekile mapipa yanapopungua. Kilele kilichokusudiwa ni mapipa 230,000 kwa siku, na yanayoweza kuvunwa yanakadiriwa kuwa bilioni 1.4, yaani miaka 17 hivi kama kasi hiyo ingedumu. Haitadumu, kwa kuwa msukumo wa visima hupungua kadiri vinavyotumika, na mapato yetu ya ada yatapungua pamoja nao hata kama bei ya dunia itakuwa imerudi dola 100.