Mbega hana dole gumba, nimejionea

Wueh, jana tulikuwa msitu wa Kakamega na binamu yangu na mimi nilienda nikijua kila kitu chenye mkia na kelele ni nyani. Mzee aliyetutembeza, amevaa gamubuti, akanicheka, "Kijana, nyani ni yule wa kuiba mandazi kwa barabara, huyu ni mbega."

Kumbe mbega, ule mweusi mwenye mgongo kama umefunikwa shuka nyeupe, hana dole gumba! Iko kakinundu tu. Nikachukua darubini ya mzee nikaangalia ule mkono ukivuta tawi, vidole vinne vimekunjwa kama ndoano, na karibu nidondoshe darubini ya watu. Na anakula majani siku nzima juu tumbo lake liko na vyumba, majani yanachacha huko ndani karibu kama ya ng'ombe, ndio maana amekaa tu hapo juu ametulia, hana haraka na mtu.

Sasa komba wale hulia usiku kama mtoto, hao nao wako ukoo mwingine kabisa, pua imelowa kama ya mbwa na kidole kimoja cha mguu kina ukucha mrefu wa kujikuna. Sisi na sokwe hatuna mkia. Binamu akauliza basi tuko karibu na nani, nyani ama komba? Mzee akamwambia nyani. Binamu hakuongea tena mpaka tukafika stejini.