Kiota kwenye tawi la kuchuma

Leo alfajiri, siku ya kuchuma matunda, kiota cha nyigu kimeonekana chini ya tawi, usawa wa uso wa mchumaji.

Kimening'inia kwa kikonyo kimoja tu, chembamba kama njiti ya kiberiti! Vyumba viko wazi, nyigu wamejikunyata kwa baridi.

Huo ndio wakati wa kukiondoa. Glavu, wavu wa uso, kisha maji ya sabuni mpaka wote walowe. Ndipo kikonyo kikatwe. Ukianza kukata, utajuta.

Matunda yaliyopasuka na yaliyodondoka yaokotwe kila siku, ndiyo yanayowaita. Vichala vivikwe mifuko ya wavu kabla havijaiva.

Kiota kilicho mbali na njia kiacheni. Nyigu hao hulisha watoto wao viwavi, wale wanaokula mimea yetu.

Nyie mnawaondoaje?