Tovuti ya usharika: nilivyoinyoosha bila mamilioni ya fundi

Ushauri wa kwanza tuliopewa kuhusu tovuti ya usharika wetu ulikuja na bei yake kabisa: milioni mbili na ushee. Fundi alituonyesha ukurasa wenye picha zinazojigeuza, kwaya inayoanza kuimba yenyewe, na salamu ndefu za mchungaji kiongozi. Wazee wa kanisa wakapiga makofi. Nikauliza, mtu akitaka kujua ibada ya pili inaanza saa ngapi abonyeze wapi? Fundi akajibu kwamba hilo litakaa huko ndani. Huko ndani wapi, hakusema.

Mnajua mambo ya kanisani: ukiuliza sana unapewa kamati. Nikapewa.

Wala sikuanza na kompyuta. Nilimpelekea daftari dada karani anayepokea simu za ofisi, nikamwomba aandike kila swali linaloulizwa, kwa maneno ya muulizaji. Baada ya wiki kadhaa daftari lilikuwa limesema yote. Hakuna aliyepiga kuuliza dira na dhamira. Watu wanauliza ibada saa ngapi, mko wapi hasa, kubatiza mtoto kunahitaji nini, kipaimara kinaanza lini, ndoa inatangazwa mara ngapi, na Lipa Namba ya sadaka ni ipi. Daftari hilo ndilo ukurasa wetu wa mbele, kwa mpangilio uleule. Salamu za mchungaji zipo, ila chini. Mwenyewe hakunung'unika, walionung'unika ni wazee.

Tovuti yenyewe haikunisumbua. Anwani ya tovuti, ile inayoishia na or.tz, tuliihamisha kutoka kwa fundi ikaandikwa kwa jina la usharika, gharama ikawa ya kawaida tu, pungufu ya sadaka ya mtaa mmoja. Picha zilikuwa nzito mno, maana vijana walizipandisha kama zilivyotoka kwenye kamera. Nilijitumia picha hizo WhatsApp, nikazipakua upya. WhatsApp inazipunguza uzito bure, na kwenye simu huoni tofauti.

Kazi ilikuwa Google, yale maelezo na ramani vinavyotokea mtu akilitafuta kanisa letu. Kwanza, saa. Aliyejaza zamani aliandika 1:00 hadi 5:00 kama tunavyosema sisi, mtandao ukaelewa kizungu. Kwa hiyo kwa dunia nzima, sisi Walutheri tulikuwa tunafungua kanisa saa saba usiku na kufunga saa kumi na moja alfajiri, kama waganga. Pili, ramani ilituweka ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, kwenye gereji. Kuna harusi moja ndugu wa bwana harusi walitoka Moshi na suti zao wakaishia katikati ya mafundi wa injini.

Ili urekebishe hayo lazima Google waamini kwamba mahali ni penu. Sisi walitutaka tutume video moja isiyokatwa, inayoonyesha mtaa, kibao, na kwamba anayepiga ana mamlaka pale. Timu ya media wakasema hiyo ni kazi yao. Wakapiga kweli: wakakata, wakaunga, wakaweka wimbo na maandishi yanayoruka. Nzuri ajabu. Ikakataliwa.

Nikamfuata babu mtunza kanisa, siku ya kazi, hakuna watu. "Babu, njoo na funguo zote."

"Zote? Kuna nini?"

"Tunapiga video ya Google."

"Nivae koti?"

Akavaa. Nikaanzia barabarani, kwenye kibao cha kituo cha daladala, nikatembea na simu mkononi bila kuzungumza hadi kwenye kibao cha kanisa. Babu akafungua geti, akafungua mlango mkubwa, kisha mlango wa ofisi. Ufunguo wa ofisi ukagoma. Akahangaika nao, akasonya, akaupiga teke mlango kidogo pale chini, ukafunguka. Sikukata. Nikamulika mhuri wa usharika mezani, basi. Ikakubaliwa. Naamini lile teke ndilo lililotubeba, maana mgeni asingejua mlango unapigwa wapi.

Ibada mubashara ilikuwa rahisi zaidi. YouTube haikuruhusu kurusha kwa simu mpaka chaneli iwe na wafuasi 50. Nikaomba dakika moja kwenye matangazo. Kabla mnada wa ndizi na kuku zilizotolewa sadaka haujaisha, tulishapita.

Ugomvi pekee wa maana ulikuwa na mzee wa fedha. Nilikuta kwenye tovuti faili la ahadi za jengo: majina, namba za simu, nani ameahidi kiasi gani na nani hajapunguza hata senti. Nikalifuta. Akanipigia usiku, eti faili lile ndilo linalosukuma watu. Nikamwambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, taarifa za mtu hazisambazwi bila ridhaa yake. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama sheria hiyo inakataza pia kuyasoma majina kanisani kwa sauti. Hilo nikamwelekeza kwa mchungaji.