Kuzalisha chatu Tabora: kazi iko kwenye mayai

Anayeanza asianze na chatu wetu wa miombo. Jike lake hupita mita nne, hutaga mayai 30 hadi 50 kwa mkupuo na huyazungushia mwili shimoni. Kumtoa hapo si kazi ya mtu mmoja. Anza na Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayejiviringa kama mpira akiogopa. Huyu hutaga mayai manne hadi kumi. Karatasi zitangulie: chatu hawa wako Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na wa porini hashikwi bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori.

Jike awe na umri wa miaka mitatu hivi na uzito wa kilo moja na nusu. Dume gramu 700 zinatosha. Jike mwembamba huweza kushika mimba, ila mayai yake mara nyingi huwa viza na yeye hukonda vibaya.

Maelekezo mengi ya ughaibuni husema ushushe joto la usiku hadi nyuzi 24 au 25 ili wapandane. Tabora mwezi Juni na Julai usiku hufika karibu nyuzi 15, kwa hiyo kazi yako ni kupasha, si kupoza. Mchana, upande wa joto wa kizimba ubaki kwenye 31 au 32. Ukisikia nyoka anakoroma na kuona mapovu mdomoni, baridi imeshaleta ugonjwa wa mapafu. Sahau kuzalisha, mtibu kwanza.

Dume aingie siku mbili, atoke apumzike, arudi tena. Siku yai linapopevuka, katikati ya mwili wa jike huvimba waziwazi kwa siku moja hivi. Wiki mbili au tatu baadaye hujivua gamba. Andika tarehe ya gamba hilo: akitaga, itakuwa takribani siku 30 mbele.

Sasa mayai. Yatoe ukiwa umeyatia alama ya penseli upande wa juu, na upande huo ubaki juu hadi mwisho. Kiinitete hujishika juu ya yai. Ukiligeuza baada ya siku ya kwanza, unaweza kukiua. Yaliyogandana usiyabandue. Mulika kwa tochi gizani: mishipa myekundu maana yake lina uhai, manjano tupu ni viza.

Mashine ya kutotolesha si lazima uinunue. Boksi la barafu, waya wa kupashia, themostati (kidhibiti joto) na chupa kadhaa za maji vinatosha. Chupa ndizo ninazosisitiza, kwani umeme ukikatika maji hushikilia joto kwa saa kadhaa wakati hewa tupu ingepoa haraka. Mayai yakae kwenye kontena la plastiki, juu ya wavu, na maji yawe chini bila kuyagusa. Unyevu uwe asilimia 90 na kuendelea, lakini matone yasidondokee mayai: funika kwa kioo, ukiinamishe kidogo.

Joto ni 31 hadi 32, na kipimajoto kikae pale pale penye mayai. Oktoba ni mwezi wa joto kali Tabora, na chumba cha bati hukipita kiwango hicho bila hita yoyote. Weka boksi chumba chenye dari, kwani kupita 34 huleta watoto wenye uti uliopinda, au vifo. Yai likibonyea mapema, limekauka; ongeza maji. Kubonyea wiki mbili za mwisho ni kawaida.

Siku ya 55 hadi 60 watapasua ganda na kutoa pua tu, kisha watulie hata siku mbili wakimalizia kiini. Usiwavute. Wahamishie kwenye tishu mbichi, na panya mdogo wa kwanza asubiri wajivue gamba, wiki moja au mbili hivi. Mama naye mwoshe, ubadilishe matandiko yote: akiendelea kunusa harufu ya mayai atagoma kula.